Joki Hamwongezei Farasi Mapafu

“Mwalimu, nitajie joki mmoja wa uhakika. Farasi hata asiwe na jina.”

Swali hili naletewa na machalii wa Kijenge na Sakina, Arusha, na siku hizi hata na watu wazima wanaopita hapa zizini Usa River. Wakishasikia kwamba niliwahi kupanda farasi wa mazoezi kule Ngong, Nairobi, wanaamini nina siri nimeificha. Nyuma ya swali kuna imani moja: farasi ni chombo, joki ndiye dereva, na dereva mkali ukimpa bodaboda yoyote atatangulia. Nimeijibu imani hii kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo naijibu kwa maandishi, na atakayeuliza tena nitamtumia aje asome hapa.

Mbio za kwenye skrini za mabanda ya kubeti nazipita haraka. Farasi wale hawana moyo wala kwato, na joki wao hana mikono. Mshindi anatolewa na programu inayochagua namba kwa kubahatisha. Mimi nazungumzia farasi wa damu na nyama, wanaokimbia Ngong, Uingereza, Marekani na kwingineko.

Farasi wa mbio ana kilo 450 hadi 550. Joki ana kilo hamsini na kitu. Kasi inatoka kwenye moyo, mapafu na misuli ya nyuma ya huyo mkubwa. Farasi hapumui kwa mdomo, anapumua kwa pua tu, na akiwa kwenye shoti pumzi yake imefungwa kwenye mwendo: hatua moja, pumzi moja. Hakuna kiboko kinachoweza kumtia pumzi ya pili ndani ya hatua ileile. Joki anakabidhiwa akiba iliyokwisha kupimwa, kazi yake ni kuamua itumike wapi. Akiba yenyewe imewekwa na wengine: waliomzalisha, mkufunzi, na saisi, yaani mtunza farasi, anayeamka alfajiri. Msimu wa masika hapa kwetu naogopa usubi kuliko ninavyoogopa mpandaji mbovu, kwa sababu usubi ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, na farasi asiye na kinga akiupata kwa kawaida anakufa. Saisi anayeingiza farasi ndani kabla jua halijazama amefanya kazi kubwa kuliko joki yeyote mnayemjua. Sijawahi kuulizwa jina la saisi.

Tarehe 4 Juni 1923, kwenye mbio za kuruka vizuizi Belmont Park, New York, mtu aitwaye Frank Hayes alishinda juu ya farasi jike Sweet Kiss, ambaye dau lake lilikuwa ishirini kwa moja, yaani ukiweka shilingi moja akishinda unapata ishirini. Walipomfikia Hayes kumpongeza walikuta amekwisha kufa. Moyo wake ulisimama mbio zikiendelea. Kuna wanaolitumia tukio hili kudai kwamba joki ni mzigo tu. Hao nao wanakosea, na nitawafikia. Lakini anayeamini kwamba ushindi unatoka kwa mpandaji anieleze ule ulitoka wapi.

Wakishindwa hapo, wananiletea joki Frankie Dettori. Wote huyo huyo. Tarehe 28 Septemba 1996, Ascot, Uingereza: mbio saba, Dettori kashinda zote saba. Aliyeunganisha zote kwenye mkeka mmoja alilipwa 25,051 kwa moja. “Sasa mwalimu, hapo utasema ni farasi?”

Ndiyo, nitasema, ila mnisikilize mpaka mwisho. Farasi wanne kati ya wale saba walitoka zizi moja, Godolphin, la watawala wa Dubai, chini ya mkufunzi mmoja, Saeed bin Suroor. Dettori alikuwa joki wao wa mkataba. Yaani kabla hajaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko alikuwa ameshapewa wanyama ambao joki wa kawaida anawaona kwenye picha. Mkufunzi mwenye farasi bora anamwita joki bora. Joki bora anashinda. Jina lake linapanda kwenye orodha. Wiki ijayo anaitwa na mwingine mwenye farasi bora. Orodha ya washindi wa msimu inapima vitu viwili vilivyosukwa pamoja, halafu mnaisoma kama inapima kimoja. Hilo ndilo linaloniudhi, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mtu anaona joki ana ushindi mara mbili ya mwenzake, anaamua ana uwezo mara mbili. Kumbe huenda alichokuwa nacho ni simu inayoita zaidi.

Tazameni mwaka 2009. Joki Calvin Borel alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa ya Marekani, na Mine That Bird, farasi wa hamsini kwa moja, kwa kumbana kwenye uzio wa ndani kutoka nyuma kabisa. Upandaji ule ningependa kila mwanafunzi wangu auone. Wiki mbili baadaye, kwenye mbio nyingine kubwa ya huko, Preakness Stakes, Borel alimwacha mshindi wake akapanda farasi jike Rachel Alexandra. Akashinda tena, na Mine That Bird, sasa akiwa na Mike Smith, akaja wa pili. Anayetazama majina ya majoki ataandika: Borel kashinda mbili. Anayetazama farasi ataona kwamba Borel alipata nafasi ya kuchagua, akachagua aliye bora, na kwamba Mine That Bird alikimbia vizuri pia chini ya mtu mwingine.

Sasa niwageukie wanaosema joki ni mzigo. Watu wa mbio wana msemo wao: farasi tisini, joki kumi. Nimeusikia kwa wakufunzi, kwa masaisi, kwa majoki wenyewe, na unarudiwa kama kipimo cha maabara. Asilimia kumi ya nini? Hakuna anayejibu. Farasi Secretariat alipochukua mbio za Belmont Stakes mwaka 1973 aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi 31. Juu yake alikuwa Ron Turcotte, mpandaji hodari kweli. Lakini mweke mpandaji wa wastani pale, akae tu bila kumsumbua, farasi bado anashinda. Mchango wa joki kwenye matokeo ya siku ile uko karibu na sifuri. Sasa chukua farasi kumi waliolingana mpaka pumzi ya mwisho. Hapo joki anaweza kuwa karibu kila kitu, na uwezo wake haujaongezeka hata chembe. Kilichobadilika ni tofauti kati ya farasi. Thamani ya joki haina namba moja ya kudumu. Inapanda kadiri farasi wanavyokaribiana, na inashuka kadiri wanavyoachana.

Ndiyo maana mbio za handikapu, ambapo farasi bora anabebeshwa uzito zaidi ili walingane, ni mahali pa kumtazama joki kwa makini. Na katika zile saba za Ascot, iliyonigusa mimi ni ya mwisho, handikapu, ambapo Fujiyama Crest alibeba uzito wa juu kuliko wote. Asubuhi dau lake lilikuwa kumi na mbili kwa moja. Kufikia kuanza kwa mbio umati ulikuwa umemmwagia pesa kwa sababu ya Dettori, dau likaanguka mpaka mbili kwa moja. Dettori alimweka mbele tangu mwanzo akagawa mwendo kwa ustadi, wakashinda kwa urefu wa shingo tu. Hapo nakubali kabisa, joki alishinda mbio. Lakini aliyeweka pesa dakika za mwisho alikuwa amelinunua jina la joki kwa bei ya kupindukia.

Mnataka namba? Wenye mamlaka ya mbio wameshaitoa bila makelele. Uingereza, joki mwanafunzi ambaye hajafikisha ushindi 20 kwenye mbio za tambarare, zisizo na vizuizi, anapunguziwa pauni 7, kama kilo 3.2, kwenye uzito anaobebeshwa farasi wake. Baada ya hapo ni pauni 5 hadi afikishe ushindi 50, kisha 3 hadi 95, kisha hapunguziwi kitu. Hiyo ndiyo bei rasmi ya ujuzi. Kwa hesabu za wapanga uzito, pauni 7 kwenye mbio za mita 1,600 ni kama urefu wa farasi watatu na nusu, yaani nusu sekunde hivi kwenye mbio za sekunde mia moja hivi. Ni kidogo sana. Lakini ni mbio ngapi mmeona zikiamuliwa kwa chini ya nusu sekunde? Nyingi mno.

Naiamini namba hiyo nusu tu. Mwanafunzi hapewi farasi wa maana, kwa hiyo hatujui kama tunampima yeye au tunapima alichopewa. Ni fundo lilelile la orodha ya washindi, na sijaona aliyelifungua vizuri.

Hiyo nusu sekunde inapotelea wapi? Kwenye kona, kwa mfano. Kona ya nusu duara, iwe kubwa au ndogo, kila mita moja unayokaa nje inakuongezea zaidi ya mita 3 za kukimbia. Ukibaki mita tatu nje ya uzio, umekimbia mita tisa na zaidi kuliko aliyebana ndani. Urefu wa farasi ni kama mita 2.4. Kwenye kona moja umetoa sadaka urefu wa karibu farasi wanne, kuliko hata punguzo lote la mwanafunzi! Upepo nao ni hivyohivyo. Watafiti waliofuatilia farasi zaidi ya 44,000 kwa vifaa vya redio, matokeo yakatoka mwaka 2012, walionyesha kwamba kukimbia nyuma ya mwenzako anayekukinga upepo kunabadilisha matokeo waziwazi. Lakini ukijificha nyuma ya mtu na ndani kuna uzio, unaweza kukosa mlango wa kutokea. Joki mzuri anakaa kwenye kinga hiyo mpaka dakika ya kutoka, na mlango anauona kabla haujafunguka. Ustadi huo hauonekani kwenye runinga. Mnachokiona ni mikono na kiboko katika mita 200 za mwisho, wakati mengi yameshaamuliwa.

Na joki anaweza kupoteza mbio kabisa. Hili ndilo upande wake mzito. Mwaka 1957, Kentucky Derby, Bill Shoemaker, mmoja wa majoki wakubwa kabisa wa Marekani, alidhani nguzo aliyoipita ndiyo ya mwisho. Akainuka kwenye vikuku. Gallant Man akapoteza mwendo kwa lahaza, akakaa tena akimbizane, akafungwa kwa urefu wa pua na Iron Liege. Farasi alikuwa na ushindi miguuni, mtu akamnyang’anya. Kesi nyingine si nyeupe hivyo. Watu wanamsulubu joki Greville Starkey kwa Derby ya Epsom, Uingereza, ya 1986, alipomchelewesha Dancing Brave nyuma mno akashindwa na Shahrastani kwa nusu ya urefu wa farasi. Oktoba mwaka huohuo Pat Eddery akashinda naye Prix de l’Arc de Triomphe, mbio kubwa ya Ufaransa, basi hukumu ikapitishwa. Mimi siiungi mkono yote. Epsom ina mteremko unaoingia kona ya Tattenham, na farasi akikosa mizani pale, joki mwenye busara anasubiri airudishe. Amechelewa kwa kosa au kwa huruma? Kutoka kwenye kiti huwezi kujua.

Kuna jambo moja ambalo majoki waliongeza kasi kweli, na lisisahauliwe. Karibu na mwaka 1900 walipofupisha vikuku wakaanza kuchuchumaa juu ya tandiko badala ya kukaa wima, muda wa mbio kubwa ulipungua kwa asilimia 5 hadi 7. Watafiti wa London walieleza mwaka 2009 sababu yake: joki anayechuchumaa anakunja na kukunjua miguu, mwili wake unabaki umetulia, na farasi habebi mtikisiko wake kila hatua. Ndiyo maana nawakalia wanafunzi wangu kooni kuhusu magoti na vifundo vya miguu. Lakini leo kila joki anachuchumaa, kwa hiyo faida hiyo haiwatofautishi tena.

Linabaki suala la mikono, na hapa sina uhakika wa kuwapa. Nina farasi jike hapa ambaye mpandaji mmoja akishika hatamu anauma lijamu, chuma cha mdomoni, na kuvuta mpaka anachoka kabla ya kazi kuanza. Akipanda mwingine, tandiko lilelile, lijamu lilelile, uzito unaokaribiana, anashusha kichwa na kwenda. Nimebadilisha saa, njia, chakula, tofauti inabaki. Kwenye mbio, farasi anayevuta hivyo amemaliza akiba yake kabla ya kona. Kwa hiyo naamini mikono ina thamani kubwa, huenda kubwa kuliko pauni 7. Lakini mikono ya huyo wa pili haimsaidii kwa farasi wangu wengine, na wawili kati yao wanamtaka yule wa kwanza. Kwa hiyo ukiniuliza joki gani ni mzuri, lazima nikuulize: kwa farasi yupi, umbali gani, akiwa na uzito kiasi gani? Nikipewa hayo matatu naweza kukaa na mtu mpaka jioni tukajadili. Jina tupu la joki sina la kumpa mtu, na sitalitoa.