Tani ya asei si tani, ni gramu 29 tu (na atomu zinaingia wapi)

Binamu yangu alitoka Migori majuzi akanipitia hapa Umoja na karatasi ya maabara iliyopima dhahabu kwa mawe anayochimba, ndani ya bahasha, na swali lake lilikuwa moja tu, hii 0.3 ni pesa ama ni hewa. Kuna broka alishamwambia hapo ni nukta tatu ya gramu kwa tani, hayo mawe mwaga tu, na yeye alikuwa karibu kuuza rundo lote kwa bei ya kokoto. Nikaisoma karatasi polepole tukinywa chai, na pale chini kwa maandishi madogo sana imeandikwa aunsi kwa tani. Si gramu! Aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hivyo 0.3 ya aunsi kwa tani inatoka karibu gramu 10 kwa tani, na mawe ya gramu 10 si ya kumwaga hata kidogo. Iliniuma sana, juu mtu anachimba miezi kwa jua alafu anapoteza kila kitu kwa sababu ya neno moja.

Sasa kwa hiyo karatasi palikuwa na kitu kingine, uzito wa sampuli: tani 1 ya asei (asei ni kule kupima jiwe lina dhahabu kiasi gani). Binamu akashtuka, mimi niliwapelekea mawe ya kujaa mfuko wa unga wa kilo mbili, tani wameitoa wapi?

Tani ya asei si tani. Ni gramu 29.1667, yaani unga wa mawe wa kujaza kiganja na usijae vizuri. Imeitwa tani juu inasimama mahali pa tani. Iko hivi: tani fupi ya Marekani ni paundi 2,000, na ukizigawanya kwa aunsi za dhahabu unapata aunsi 29,166.67. Basi wapimaji wakasema, kama tani ina aunsi 29,166.67, sisi tuchukue miligramu 29,166.67 za jiwe, halafu kila miligramu ya dhahabu tutakayotoa humo ni sawa na aunsi moja kwa tani nzima. Hakuna hesabu. Mizani ikisema 0.3 miligramu unaandika 0.3 aunsi kwa tani, umemaliza. Mimi naona hii ni akili ya hali ya juu, mtu amechagua kipimo ili namba ijisome yenyewe.

Na hiyo 0.3 ya miligramu inatokeaje? Jiwe linasagwa liwe unga laini, unapimwa tani ya asei moja, unachanganywa na oksaidi ya risasi na boraksi na soda ya aina ile inayochimbwa Magadi, vyote vinaingia tanuri yenye joto la karibu digrii 1,000. Risasi inayeyuka inashuka chini na dhahabu ndani yake. Hilo donge la risasi linawekwa kwa kikombe kidogo cha majivu ya mifupa na kurudishwa motoni, majivu yananyonya risasi yote, na kile kinabaki kwa kikombe ni punje ya dhahabu na fedha. Fedha inatolewa kwa asidi ya nitriki. Dhahabu ya miligramu 0.3 ikibaki peke yake ni kama chembe moja ya chumvi ya mezani, ukipumua vibaya imeenda, na maisha ya mtu iko hapo.

Msichana wangu yuko fomu tatu, alikuwa anasikiliza, akauliza, sasa anko, hiyo chembe ni atomu ngapi? Binamu akaniangalia mimi.

Huku kwa atomu uzito unapimwa kwa daltoni, ambayo ni sehemu moja ya kumi na mbili ya uzito wa atomu ya kaboni 12. Atomu moja ya dhahabu ni daltoni 196.97. Na hapa ndipo nilipenda, kwa sababu ujanja ni ule ule wa tani ya asei: mtu akikusanya atomu 6.022 × 10²³, basi namba ya daltoni inajisoma kama gramu, dhahabu ya atomu hizo zote ina uzito wa gramu 196.97. Kwa hivyo gramu moja ya kitu chochote ni daltoni 6.022 × 10²³, na ukitaka tani ya asei moja unazidisha tu kwa 29.1667, unapata daltoni 1.7565 × 10²⁵. Kurudi nyuma, daltoni moja ni tani za asei 5.693 × 10⁻²⁶. Hiyo tu ndiyo hesabu ya kubadilisha, zidisha ama gawanya.

Tukaifanya ya binamu. Miligramu moja ya dhahabu ina atomu 3.057 × 10¹⁸, mara 0.3 inakuwa karibu 9.17 × 10¹⁷, yaani atomu trilioni laki tisa na elfu kumi na saba kwa ile chembe ya chumvi. Msichana aliandika sifuri zote kwa daftari, binamu naye anahesabu na kidole.

Lakini kuna mahali pa kuwa makini, na hapa watu wengi wanapita tu. Tani ya asei ziko mbili. Ile ya pili inafuata tani ndefu ya Uingereza, paundi 2,240, na yenyewe ni gramu 32.6667, ambayo ni daltoni 1.967 × 10²⁵. Kwa ile fupi, 0.3 ya binamu ni gramu 10.29 kwa tani ya kilo 1,000, kwa ile ndefu ni gramu 9.18, na ukizidisha hiyo tofauti kwa lori moja la mawe si kidogo. Maabara nyingi siku hizi zinapima gramu 30 ama 50 na kuandika gramu kwa tani moja kwa moja, ambayo naona ni afadhali kwa mchimbaji, lakini hii karatasi haikuwa hivyo na haikusema ni tani gani. Binamu akawapigia simu tukiwa bado mezani, akauliza tani yenu ya asei ni gramu ngapi, akaandika nyuma ya bahasha: 29.17.