Injini Moja, Matoleo Mawili: Kutofautisha Injini ya Gari Dogo na ya Gari la Mizigo

Kiwanda kinapobuni injini, mara nyingi hakikusudii kuifunga kwenye gari la aina moja tu. Injini yenye ujazo uleule, na pengine jina lilelile, huwekwa kwenye gari dogo la abiria na pia kwenye pikapu au lori, kila moja ikiwa imerekebishwa kulingana na kazi inayoisubiri. Hayo ndiyo matoleo ya gari dogo na ya mizigo, na anayenunua injini iliyotumika au vipuri vyake anahitaji kuyatambua, kwa kuwa kufanana kwa nje hakumhakikishii kwamba kifaa cha moja kitaingia kwenye nyingine.

Chanzo cha tofauti ni mzigo. Gari dogo huhitaji nguvu nyingi kwa muda mfupi, kwa mfano linapolipita gari jingine, kisha injini hurudi kwenye kazi nyepesi. Lori lililojaa likipanda mlima huibana injini yake karibu na kikomo kwa dakika nyingi mfululizo. Kwa hiyo toleo la mizigo kwa kawaida hupewa kamshafti (mhimili unaofungua vali) inayotoa msukumo mzuri kwenye mizunguko ya chini, uwiano mdogo wa mgandamizo ili injini isigonge, yaani mafuta yasijiwashe ovyo ndani ya silinda, inapolemewa, na sehemu zinazostahimili joto la muda mrefu. Idadi ya juu kabisa ya nguvu za farasi hupungua, jambo ambalo mwenye lori hana sababu ya kulalamikia.

Mfano unaofundisha kuliko yote, kwa maoni yangu, ni injini ya V8 (silinda nane katika safu mbili zenye umbo la V) ya Chevrolet yenye ujazo wa inchi za ujazo 427, yaani takriban lita 7. Ilikuwamo kwenye gari la michezo la Corvette kuanzia mwaka wa modeli 1966, na ikawamo pia kwenye malori, lakini bloki ya lori, yaani mwili mkuu wa injini wenye silinda, ni ndefu zaidi kwenda juu: kutoka katikati ya krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) hadi uso wa juu wa bloki ni inchi 10.2, ilhali ya gari dogo ni inchi 9.8. Nafasi hiyo ya ziada iliwezesha kutumia pistoni ndefu zenye ringi nne badala ya tatu. Tofauti ya milimita 10 hivi yaonekana ndogo, ila kwa kuwa silinda zimepangwa kwa umbo la V, bloki ikirefuka, silinda hedi mbili, yaani vifuniko vya juu vya silinda, husogea mbali zaidi. Manifoldi ya kuingiza hewa ya gari dogo haitoshi tena katikati yake, na distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) nayo huwa fupi kuliko inavyotakiwa. Aliyenunua kwa kutazama namba 427 pekee hugundua hayo baada ya kulipa.

Kwenye kizazi cha V8 za General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, kilichoanza na injini iitwayo LS1 mwaka 1997, hali ni kinyume: vitu vingi vya nje hubadilishana, na ndiyo maana hupotosha. LS1 ya lita 5.7 ina bloki ya alumini na manifoldi fupi, kwani boneti ya gari la michezo iko chini. LM7 ya lita 5.3, iliyotengenezwa kwa pikapu, ina bloki ya chuma, manifoldi iliyoinuka juu na sampu ya oili yenye kina kirefu. Puli ya krankshafti ya pikapu nayo imesogea mbele zaidi, kwa hiyo pampu ya maji, alteneta na puli zote lazima zitoke kwenye seti moja, vinginevyo mkanda hautakaa kwenye mstari. Lakini manifoldi ya LS1 hufungika kwenye silinda hedi za LM7, na muuzaji aliyeifunga anaweza kuipa injini ya pikapu sura ya gari la michezo.

Wengi hutegemea sumaku: ikinata kwenye bloki, wanasema ni ya mizigo. Kipimo hicho husaidia, lakini hakitoshi. L33, ambayo ni injini ya lita 5.3 ya pikapu iliyotengenezwa kati ya 2005 na 2007, ina bloki ya alumini.

Kinachoaminika zaidi ni namba iliyosubiwa pamoja na bloki yenyewe, kwa sababu haifunguliwi kwa spana. Injini ikiwa bado ndani ya gari lake la asili lililotengenezwa kwa soko la Amerika Kaskazini, herufi au tarakimu ya nane ya namba ya utambulisho wa gari huonyesha aina ya injini. Silinda hedi zikiwa zimefunguliwa, kipenyo cha silinda humaliza ubishi kati ya hizo mbili: milimita 99 ni LS1, milimita 96 ni LM7.