Mtiririko Hafifu na Mwani Katika Tangi la Samaki: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Arusha huleta malalamiko mawili kana kwamba hayahusiani: maji yanayorudi tangini kutoka kwenye chujio yamepungua nguvu, na vioo vimeanza kuota ukijani. Kwa niliyoyaona, mara nyingi ni tatizo moja lenye sura mbili, kwa sababu uchafu unaoziba sponji ya chujio na mpira wa maji ndio huohuo unaooza na kuulisha mwani. Linalonisikitisha ni kwamba mtu huja kuuliza akiwa ameshanunua pampu mpya au ameshamwaga dawa, ilhali mswaki wa zamani na ndoo vingetosha kumwonyesha kasoro ilipo.

Dhana: “Maji yakipungua nguvu, pampu imechoka.”

Pampu ndogo ya kuzamishwa ina kitu kimoja tu kinachozunguka, yaani impela yenye sumaku, na kitu hicho huzibwa mara nyingi zaidi kuliko kinavyochakaa. Kabla ya kuihukumu pampu, ipime. Hakikisha tangi la chini, yaani lile lililowekwa chini ya tangi la samaki ambamo pampu huvuta maji, lina maji ya kutosha, elekeza mpira wa kurudishia kwenye ndoo ya lita 10, hesabu sekunde hadi ndoo ijae, kisha gawanya 36,000 kwa idadi ya sekunde hizo. Jibu ni lita kwa saa. Majuzi tangi langu la lita 200, lililopo sebuleni Njiro, lilijaza ndoo kwa sekunde 75, yaani lita 480 kwa saa. Nilichomoa umeme, nikafungua kifuniko cha impela, na ndani nikakuta utelezi mzito mfano wa mlenda, nyuzi za mwani zilizojiviringisha kwenye mhimili, na gamba la konokono dogo kuliko punje ya mchele. Baada ya kusugua kwa mswaki na kupitisha kitambaa chenye uzi ndani ya mpira, ndoo ilijaa kwa sekunde 48, sawa na lita 750, kwa pampu ileile. Kama ukoko mweupe umeganda kwenye mhimili, loweka sehemu hiyo katika siki kwa saa moja kabla ya kusugua, kisha isuuze vizuri.

Wengine hulinganisha kipimo chao na namba iliyoandikwa kwenye boksi na kudhani wameuziwa pampu bandia. Namba hiyo hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Kila sentimita ya kupanda hupunguza kiasi cha maji, hadi kufikia kimo cha mwisho cha pampu ambapo hakuna tone linalotoka, hata kama mota inazunguka. Mpira mwembamba nao huiba sehemu yake, kwa kuwa tundu la milimita 12 halifikii nusu ya eneo la tundu la milimita 19. Mpira unaopitisha mwanga huongeza balaa, kwani mwani huota ndani yake, mahali ambapo macho hayafiki; mimi niliubadilisha wangu nikaweka mweusi.

Dhana: “Ni umeme mdogo wa jioni.”

Mota ya sumaku ya pampu hizi hufuata mapigo ya umeme, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde, na si wingi wa volti. Volti zikishuka mno, mota hukwama kabisa au hushindwa kuwaka. Haipungui nguvu polepole kwa muda wa wiki tatu. Udhaifu unaokuja kidogo kidogo ni wa kuzibwa. Umeme ukirudi baada ya kukatika na pampu ikanguruma bila kusukuma maji, kuna hewa iliyonaswa ndani: izime, iinamishe ikiwa majini hadi viputo vitoke, kisha iwashe tena.

Dhana: “Osha chujio bombani hadi sponji ing’ae.”

Kosa hili huua samaki wengi kuliko mwani wenyewe. Katika sponji wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa naitraiti na hatimaye naitreti, na klorini ya maji ya bomba huwaua. Ikamue sponji ndani ya ndoo yenye maji yaliyotoka tangini, na kama una sponji mbili, usizioshe siku moja.

Dhana: “Mwani wa Arusha unaletwa na floraidi.”

Ni kweli kwamba maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano, na ni suala zito kwa meno na mifupa ya watu. Hata hivyo floraidi si chakula cha mwani. Mwani unataka naitrojeni, fosforasi na mwanga, na viwili vya kwanza huingia zaidi kupitia mkono unaomwaga chakula cha samaki.

Kuhusu mwanga, tuko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wetu una takriban saa 12 mwaka mzima. Jua lakini halikai upande mmoja. Tangi lililo karibu na dirisha la kusini huwa kivulini mwezi Juni, na ifikapo Desemba hupigwa na jua moja kwa moja, na mwenye nyumba hushangaa mwani umetoka wapi ilhali hajabadilisha chochote. Funga pazia, na uwashe taa kwa muda wa saa 6 hadi 8 tu kwa siku.

Kumwaga maji yote si dawa, kwa sababu samaki hushtushwa na mabadiliko ya ghafla na mwani uliong’ang’ania vioo hubaki palepale. Robo ya maji kila wiki inatosha. Yule samaki anayenyonya kioo, anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole, hukua kupita sentimita 30 na kuongeza kinyesi kuliko mwani anaokula. Dawa zenye shaba huua konokono na kamba, na mwani unaokufa kwa pamoja huoza, hula oksijeni na kurudi kuziba sponji ileile. Oksijeni hiyo kwetu ni haba tayari: katika mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji ya nyuzi joto 25 hushika takriban miligramu 7 kwa lita, wakati pwani hushika zaidi ya 8.

Mwenye tangi la chini aangalie pia kitundu kilichotobolewa kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji. Umeme ukikatika, kitundu hicho huingiza hewa na kuzuia maji ya juu yasifyonzwe kurudi chini. Mwani ukikiziba, maji humwagika sakafuni usiku watu wakiwa wamelala. Kitoboe kwa kijiti kila wiki, kisha zima pampu makusudi mchana, usimame hapo hadi maji yatulie, na uweke alama kwenye kioo cha tangi la chini mahali yalipofikia.