Je, wajua kwa nini intaneti ya 20 inadanlodi kwa 2 na ushee?

Kuna jirani yangu hapa Shangani, Mtwara, juzi usiku kaniita kachukia kweli, anasema nimelipia intaneti ya 20 lakini nikidanlodi faili naona 2.3 tu, hiyo nyingine yote wanaipeleka wapi? Swali hili nalisikia kila mara, kuanzia Ligula mpaka Mikindani, na mimi nalipenda sana maana mara nyingi ukilichimba unakuta hakuna aliyeibiwa.

Huku kwetu kangomba tunaijua wote. Mnunuzi anapima korosho kwa chombo badala ya mizani, mnatamka "kilo" wote wawili ila kila mtu ana kilo yake kichwani. Kwenye intaneti nako vipimo ni viwili na majina yanafanana, tofauti ni kwamba hapa hakuna ujanja, ni mazoea ya watu wa mitandao tangu zamani: kampuni inauza kwa megabiti, kompyuta ikidanlodi inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Angalia herufi. Mbps ya b ndogo ni biti, MB/s ya B kubwa ni baiti. Chukua 20 gawa kwa 8, unapata 2.5.

Sasa mbona jirani anaona 2.3? Kwa sababu faili halisafiri zima, linakatwa vipande, kipande kikubwa kina baiti kama 1500 na humo ndani baiti 40 hivi ni anwani na maelezo ya safari, yaani sawa na jina na namba ya simu unayoandika kwenye boksi kabla hujalipakia basi la Dar. Ukijumlisha na vikorokoro vingine vya njiani, asilimia 5 hivi inaliwa huko, so 2.3 au 2.4 ni haki yake kabisa.

Ila sio kila lalamiko linaisha kwa hesabu, na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanapima wakiwa wamejilaza chumbani na simu kwa waifai halafu wanaanza kugombana na kampuni. Hapo umepima waifai yako, hujapima intaneti. Chukua laptopu, chomeka waya kwenye rauta, zima simu za watoto na tivii na kila kinachokula data, kama una VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali) izime, ndo upime kwa Speedtest, ile programu ya kupima kasi ya intaneti. Kwa jirani waya ulitoa megabiti 19. Chumba cha nyuma kwa waifai, 6! Rauta ilikuwa kwenye kona nyuma ya tivii, mbele yake friji halafu kuta mbili za tofali. Masafa ya waifai ya 5 GHz yana kasi lakini ukuta unayamaliza haraka, ya 2.4 GHz yanapenya vizuri zaidi ila yana msongamano, rauta za majirani wote zinagombania hapohapo. Tukaihamishia koridoni, juu kidogo, chumba cha nyuma kikapanda mpaka 15.

Pima pia kwa nyakati tofauti, alfajiri, mchana na saa mbili usiku. Kama alfajiri kwa waya unapata 19 na usiku 5, huo ni msongamano kwa mtoa huduma, na hapo una haki ya kulalamika.

Halafu kuna hili ambalo mimi naliona tamu kuliko yote. Speedtest kwa kawaida inakuchagulia seva ya karibu, yaani kompyuta inayokutumia data, na inafungua njia nyingi kwa mpigo, kwa hiyo namba inatoka nzuri. Lakini unachotumia wewe kinaweza kuwa kimekaa Ulaya. Mwanga kwenye faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwenda Dar na kurudi ni kama milisekunde 6 tu kwa safari ya waya, ila London inaweza kupita 150. Na seva haimwagi data hovyo, inatuma fungu, inasubiri kompyuta yako ijibu "nimepokea", ndo inaendelea, sasa kama fungu ni kilobaiti 64 na jibu linachukua milisekunde 200, hupati zaidi ya megabiti 2.6 kwenye njia hiyo moja hata ukinunua kifurushi cha 100. Kompyuta za siku hizi zinakuza fungu lenyewe zikiona njia iko safi, lakini vipande vikianza kupotea njiani linasinyaa tena.

Ndo maana Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania, kwa siku kama zile kipimo cha seva ya Dar kinaweza kukuonyesha vizuri tu huku kurasa za nje hazifunguki. Pima Dar, kisha ubadilishe seva uweke London au Marseille, na uchague njia moja badala ya nyingi. Dar ikiwa 19 na London 4, rauta haina kosa na wala usiiguse.

Jirani nimemwachia daftari, anaandika saa, waya au waifai, seva gani, kashusha ngapi na kapandisha ngapi. Akifikisha wiki ndo atawapigia simu, kama bado kuna cha kuwapigia.