Kabla hujapakua programu ya bure

Simu ikianza kuwa nzito, wengi wetu hukimbilia dawa ileile: programu ya kusafisha simu. Ukiifungua inakuonyesha duara jekundu na kukutajia mamia ya faili za takataka. Unabonyeza, duara linageuka kijani, unaridhika. Baada ya muda mfupi simu ni nzito vilevile, na sasa matangazo yanajitokeza hata ukiwa unapiga simu.

Ukweli ni kwamba Android, mfumo unaoendesha simu nyingi, hujipangia kumbukumbu yake yenyewe. Programu inayofungwa kwa nguvu mara nyingi hujiwasha tena, na huko kuwaka upya kunakula betri kuliko kama ungeiacha. Kinachojaza simu nyingi ni video na picha za magrupu ya WhatsApp: ya ukoo, ya harusi, ya shule ya watoto. Hizo unazifutia ndani ya WhatsApp yenyewe. Ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya hifadhi na data, utaona kila grupu limekula nafasi kiasi gani. Hakuna cha kupakua hapo.

Ndivyo ilivyo pia kwa tochi, kikokotoo na kinasa sauti, ambavyo simu nyingi za leo huja navyo. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilimbana mtengenezaji wa Brightest Flashlight, programu ya tochi iliyokuwa imepakuliwa mara mamilioni. Ilikuwa ikituma mahali alipo mtumiaji, pamoja na namba ya utambulisho wa simu yake, kwa kampuni za matangazo. Yaani tochi! Kwa hiyo ukiulizwa ruhusa, linganisha ombi na kazi. Programu ya ramani kuuliza uko wapi ni haki yake. Tochi inayotaka majina ya watu kwenye simu yako ina shughuli nyingine.

Kwetu Uganda, programu za bure zilizoenea kwa kasi sana ni VPN, yaani zile zinazopitisha intaneti yako kwenye mitambo ya mtu mwingine ili kampuni yako ya simu isione unafungua nini. Julai 2018 ilipokuja kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, hata watu waliokuwa hawajawahi kusikia habari za VPN walijifunza kuiweka kwa siku moja. Serikali ilipofunga Facebook Januari 2021, zikapakuliwa tena. Mimi siingii kwenye ubishi wa kodi. Ninachotaka kijulikane ni kwamba ukiwasha VPN, safari zako zote za intaneti zinapita kwa mwenye VPN hiyo, na yeye anaweza kujua unatembelea tovuti zipi. Mitambo yake inagharimu fedha kila mwezi, na wewe hulipi. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, VPN ya bure, ilikuwa inapitisha shughuli za watu wengine kwenye intaneti ya watumiaji wake, na uwezo huo unauzwa kwa wateja. Onavo Protect nayo ilijitangaza kuwa ni ngao ya faragha, kumbe mwenyewe ni Facebook, na ilikuwa ikikusanya habari za programu nyingine watu wanazotumia. Iliondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018. VPN za bure zenye nafuu ni zile zinazobebwa na wateja wanaolipia huduma kubwa zaidi, na zinaeleza hivyo waziwazi.

Sasa twende kwa fundi. Simama kwenye kibanda chochote cha simu, Busia mpakani au Arua mjini, utasikia: "Fundi, niwekee na ile WhatsApp ya kuona meseji zilizofutwa." Fundi anawasha Xender, programu ya kurushiana faili bila bando, na faili la APK, lile la kuwekea programu kwenye simu, linahama kutoka simu yake kwenda ya mteja. Simu inatoa onyo. Kidole cha fundi kinabonyeza endelea kabla mwenye simu hajasoma neno la kwanza. Majina: ruhusu. Meseji: ruhusu. Maikrofoni: ruhusu. Imekwisha, lete elfu tano.

Simlaumu sana anayegawiwa programu kwa Xender. Bando ni ghali, na tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12. Shida ni kwamba hapo kibandani hakuna anayejua faili hilo lilianzia wapi, fundi mwenyewe akiwemo. Agosti 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta virusi viitwavyo Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, ambayo kama ndugu yake GB WhatsApp ni WhatsApp isiyo rasmi, iliyogeuzwa na watu wengine. Vilikuwa na uwezo wa kumsajili mtu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua, kwa sababu programu ilikuwa imepewa ruhusa ya kusoma meseji. Fikiria laini hiyohiyo ndiyo ya MoMo au Airtel Money. Zaidi ya hayo, WhatsApp yenyewe hufungia akaunti zinazotumia matoleo hayo.

Kuna ruhusa moja ambayo ningekuomba usiitoe kwa mzaha: ile ya ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya wasioona na wenye ulemavu mwingine. Programu yenye ruhusa hiyo inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako.

Upande wa kompyuta, tatizo huanzia kwenye kutafuta. Andika VLC, programu ya kuchezea video, na huenda tovuti ya juu kabisa ikawa tangazo, yenye vitufe vitatu vya kijani vya kupakua, viwili vikiwa vya kitu kingine. VLC hutoka videolan.org, LibreOffice, ya kazi za ofisi, hutoka libreoffice.org, na 7-Zip, ya kufungulia faili zilizobanwa, hutoka 7-zip.org. Zote ni za bure kweli, na hazina matangazo. Tazama pia ukubwa: VLC ya Windows inazidi MB 30, hivyo faili la MB 2 linalojiita VLC liache.

Programu za kulipia zilizovunjwa ufunguo ili zitumike bure ni balaa jingine. Nyingi huanza kwa kukuambia uzime kinga ya Windows. Mgeni anayeomba mbwa afungwe ndipo aingie usiku, utamfungulia? LibreOffice inafungua faili za Word na Excel bila ufunguo wowote. Hata hivyo, chanzo halali nacho huweza kuingiliwa: mwaka 2017 toleo 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lilitiwa virusi likiwa kwa watengenezaji wenyewe, likafika kwenye kompyuta zaidi ya milioni mbili. Dawa yake ilikuwa kuweka toleo jipya, basi usiahirishe masasisho.

Ukishuku kwamba umeshaweka programu mbaya, zima data kwanza. Iondoe, na ikigoma kuondoka, inyang'anye ruhusa ya ufikivu na ya usimamizi wa kifaa, kisha ujaribu tena. Badilisha PIN ya pesa na nywila ya barua pepe ukitumia simu nyingine, si hiyohiyo. Fungua WhatsApp, angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, utoe usivyovijua. Kama taarifa zako zimetumiwa vibaya, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakupa haki ya kulalamika kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Piga picha ya skrini yenye jina la programu na ruhusa ilizokuwa nazo kabla hujaifuta, maana ukishaifuta utakosa cha kuwaonyesha.