Umeanzishiwa dawa za moyo: maswali ya wiki za mwanzo na majibu yake

Mtu akitoka kwa daktari na mfuko wa dawa za moyo kwa mara ya kwanza, mara nyingi hofu yake huhama kutoka kwenye ugonjwa na kuingia kwenye vidonge. Kazi yangu ni ya famasi, na mgonjwa anayeninyima raha si yule anayerudi kulalamika. Ni yule anayepata kizunguzungu, akaziweka dawa kabatini na asimwambie mtu yeyote. Majibu haya nimeyaandika ili ujue lipi la kuvumilia, lipi la kumpigia daktari simu, na lipi la kukimbilia hospitali.

Moyo ni mmoja. Kwa nini nimeandikiwa dawa nne au tano?

Kwa sababu kila moja ina kazi yake. Moyo ukishindwa kusukuma damu sawasawa, dawa moja hulegeza mishipa ili moyo usisukume kwa taabu, nyingine hutuliza mapigo, nyingine hutoa maji yaliyozidi, na nyingine huukinga moyo dhidi ya homoni zinazouchakaza. Aliyepata mshtuko wa moyo au kuwekewa stenti, yaani kimrija kidogo cha kuuweka mshipa wa moyo wazi, huongezewa za kuzuia damu isigande na za kushusha kolesteroli.

Chukua boksi usome jina la dawa yenyewe, lile ambalo aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara. Mwisho wa jina hukuonyesha ukoo wake. Enalapril, lisinopril na ramipril ni ndugu. Losartan na valsartan ni ukoo mwingine. Bisoprolol, metoprolol na atenolol ni wa ukoo mmoja, pamoja na carvedilol. Kuna za -statin, za kushusha kolesteroli, na za -dipine, za kushusha presha. Ukikuta maboksi mawili ya ukoo mmoja, au moja la -pril na jingine la -sartan, uliza kabla hujameza, maana huenda moja lilipaswa kuchukua nafasi ya lingine. Hili huwapata hasa watu wanaotoka wodini na dawa mpya huku za zamani zikiwasubiri nyumbani.

Karatasi ya ndani ya boksi imenitisha. Madhara yote hayo yatanipata?

Hapana. Karatasi ile hutaja hata lililompata mtu mmoja kati ya maelfu. Maneno yake yana vipimo: katika karatasi nyingi, madhara ya "mara nyingi sana" ni yale yanayompata zaidi ya mtu 1 kati ya 10, ya "kawaida" ni kuanzia 1 kati ya 100 hadi 1 kati ya 10, na "nadra" ni chini ya 1 kati ya 1,000. Anza na yale ya juu, kisha soma sehemu inayoeleza lini umwone daktari haraka.

Tangu nianze bisoprolol nachoka kuliko nilivyokuwa. Si ndiyo inaniumiza?

Uchovu huo ni wa kweli, hujauwaza tu. Dawa za ukoo huu hupunguza kasi na nguvu ya mapigo, na mwili uliozoea moyo unaokwenda mbio huhisi umepokonywa nguvu. Mikono na miguu huwa ya baridi, ngazi chache zinachosha, wengine huota ndoto nzito. Ndiyo maana kwa mwenye moyo dhaifu daktari huanza na dozi ndogo sana, kama miligramu 1.25 za bisoprolol kwa siku, kisha huipandisha polepole. Wengi hupata nafuu wiki zinavyopita.

Kinachonifanya niwasihi watu wavumilie ni faida yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, wenye wagonjwa zaidi ya 2,600 wa moyo dhaifu, ulionyesha kwamba bisoprolol ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Ni nadra kidonge kidogo namna hiyo kufanya kazi kubwa hivyo.

Usiiache ghafla. Moyo uliokuwa umetulizwa unaweza kurudi mbio, presha ikapanda, kifua kikabana, na hata mshtuko wa moyo ukatokea. Kama kweli haikufai, daktari ataishusha hatua kwa hatua.

Jifunze pia kuhesabu mapigo yako. Kaa utulie dakika tano, geuza kiganja juu, kisha weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Usitumie gumba kupimia, kwa sababu lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima. Yakiwa chini ya 50, wasiliana na daktari kabla ya dozi inayofuata. Ukiwa unataka kuzimia au umezimia, usisubiri simu, nenda hospitali. Mwenye pumu aseme mapema, kwa kuwa dawa hizi zinaweza kubana kifua. Mwenye kisukari anayetumia insulini ajue kwamba zinaweza kuficha moyo kwenda mbio na kutetemeka pale sukari inaposhuka. Jasho hubaki, basi alitumie kama onyo lake.

Nakohoa usiku kucha na sina mafua. Je, ni dawa?

Tazama kama una dawa ya -pril. Ukoo huo huleta kikohozi kikavu kinachowasha kooni, bila makohozi, na kinaweza kuanza wiki za mwanzo au baada ya miezi. Dawa za kikohozi kwa kawaida hazikiwezi. Kinachosaidia ni daktari kukubadilishia, mara nyingi kwenda -sartan, na kikohozi huisha taratibu ndani ya wiki kadhaa.

Lakini usijihukumie mwenyewe, kwa sababu kikohozi kinaweza pia kutokana na maji kujaa mapafuni. Kikizidi ukilala chali, kikija na kuhema au makohozi yenye povu, tafuta daktari siku hiyo hiyo bila kungoja miadi.

Jambo moja la ukoo wa -pril ni la dharura: midomo, ulimi au uso kuvimba. Ni nadra, ila koo linaweza kuziba. Nenda hospitali mara moja na usimeze dawa hiyo tena.

Utaambiwa urudi kupima damu wiki moja au mbili baada ya kuanza, ili kuangalia figo na potasiamu. Usikiruke kipimo hicho hata ukijisikia vizuri, kwani potasiamu inaweza kupanda bila dalili yoyote, na ikizidi huvuruga mapigo. Kwa sababu hiyo hiyo usinunue chumvi mbadala bila kuuliza, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Na mwanamke mjamzito, au anayetarajia kupata mimba, amwambie daktari mapema, maana -pril na -sartan humdhuru mtoto tumboni.

Dawa ya kutoa maji inanikimbiza chooni. Nifanyeje?

Furosemide huanza kazi ndani ya saa moja hivi na huisha nguvu baada ya saa sita. Imeze asubuhi ulale usiku. Ukiwa na safari, muulize daktari kama unaweza kuisogeza saa chache badala ya kuiruka.

Nunua mizani. Jipime kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, ukiwa na nguo za uzito ule ule, na uandike. Kuongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 kwa kawaida si mafuta, ni maji, na mizani huyaona kabla pumzi hazijakata. Bonyeza pia ngozi ya mbele ya mguu, juu ya kifundo, kwa gumba kwa sekunde chache. Ukiacha shimo linalokawia kujaa, mwili umeshika maji.

Uzito ukishuka upesi, mdomo ukakauka, ukaona kizunguzungu ukisimama au misuli ikakaza, huenda dawa imezidi. Na ukianza kutapika au kuhara, piga simu siku hiyo hiyo. Furosemide, spironolactone, dawa za -pril na -sartan, pamoja na dapagliflozin au empagliflozin, baadhi zinaweza kuhitaji kusimamishwa kwa muda ili kulinda figo. Daktari ndiye atakayekuambia zipi na lini uzirudie.

Natumia amlodipine na vifundo vya miguu vimevimba.

Ni kawaida yake, hasa dozi ikiwa kubwa. Dawa ya maji haisaidii sana hapo. Kupunguza dozi au kubadilisha ndiko kunakosaidia. Uvimbe wa mguu mmoja tu wenye maumivu ni jambo jingine, huenda damu imeganda kwenye mshipa, na hilo ni la kuangaliwa leo.

Nimesikia statini zinakula misuli. Nizimeze kweli?

Meza. Maumivu ya misuli yapo, lakini sehemu kubwa yake haitoki kwenye dawa. Watafiti wa Imperial College London walilithibitisha hilo mwaka 2020. Walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa chupa 12, moja kwa kila mwezi: nne zenye statini, nne zenye vidonge visivyo na dawa, nne tupu. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye miezi ya statini ulijitokeza pia kwenye miezi ya vidonge visivyo na dawa. Watu hawa hawakuwa waongo. Maumivu waliyahisi, ila yaliletwa na hofu na matarajio, si na kidonge. Walipoonyeshwa matokeo yao, nusu yao walirudia statini.

Kwa hiyo ukiumwa, sema, upimwe damu, ubadilishiwe dozi au aina. Kinachohitaji haraka ni maumivu makali ya misuli pamoja na udhaifu, au mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea. Hilo ni nadra sana, lakini linaharibu figo.

Mtu kaniambia warfarin ni sumu ya panya.

Ni kweli dawa hii ya kuzuia damu isigande ilianza hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1940. Kuanzia mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu watu, na mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipewa baada ya mshtuko wa moyo. Tofauti ya sumu na dawa hapa ni kipimo, na ndiyo maana unapimwa INR, kipimo cha jinsi damu inavyochukua muda kuganda, mara kwa mara. Kwa wengi lengo ni kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaweza kuganda, juu yake unaweza kuvuja damu. Mboga za majani ya kijani hushusha INR. Huhitaji kuziacha, ila kula kwa kiasi kile kile kila wiki. Na kila dawa mpya, hasa antibayotiki, iulizie kwanza.

Kwa warfarin, aspirini au clopidogrel, zote za kuzuia damu isigande, michubuko midogo na fizi kutoka damu kidogo ni vya kuripoti. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, au kugonga kichwa kwa nguvu ni vya kwenda hospitali. Aliyewekewa stenti asiache aspirini wala clopidogrel kwa agizo la mtu yeyote, hata daktari wa meno, mpaka daktari wake wa moyo ajue.

Nguvu za kiume zimepungua. Naona aibu kuuliza.

Uliza, wanaume wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu hii. Inaweza kuwa dawa ya ukoo wa bisoprolol, inaweza kuwa ugonjwa wenyewe wa mishipa, na mara nyingi kuna la kufanya. Spironolactone nayo inaweza kuvimbisha na kuumiza matiti ya mwanamume, na ipo mbadala wake, eplerenone. Onyo langu moja ni hili: kama una dawa ya nitrati, ile ya kupanua mishipa kwa maumivu ya kifua, iwe ya kuweka chini ya ulimi au ya kumeza, usiguse dawa za nguvu za kiume kama sildenafil wala tadalafil. Zikikutana presha inaweza kuporomoka hadi kuua.

Kichwa au mgongo ukiniuma nitumie nini?

Parasetamoli ya kawaida, kwa dozi iliyoandikwa. Si ya kuyeyusha kwenye maji, ina sodiamu nyingi. Ibuprofen na diclofenac huzuia chumvi na maji mwilini, huumiza figo zinapochanganywa na dawa zako, na huongeza hatari ya kuvuja damu. Dawa za mitishamba zitaje zote, hata kama unaona hazina neno.

Nimesahau dozi.

Ukikumbuka mapema, meza. Ukiwa karibu na dozi inayofuata, iache hiyo. Usimeze mbili kwa pamoja.

Dalili zipi hazisubiri simu?

Maumivu ya kifua yanayodumu, kukosa pumzi ukiwa umekaa, kuzimia, uso kupinda au mkono kulegea ghafla, usemi kuharibika, midomo na ulimi kuvimba, damu isiyokoma. Kama umepewa dawa ya chini ya ulimi, kaa kwanza, weka moja, na maumivu yakiwa bado yapo baada ya dakika tano, ita gari la wagonjwa. Usiendeshe mwenyewe.

Nitazimeza maisha yote?

Nyingi, ndiyo. Moyo hupata nafuu kwa sababu dawa zipo, na ukiziacha ugonjwa unaweza kurudi ingawa ulijisikia umepona. Lakini si zote. Furosemide inaweza kupunguzwa maji yakishaisha, na clopidogrel baada ya stenti kwa kawaida huwa na muda wake, mara nyingi miezi 6 hadi 12. Siku ya miadi beba maboksi yote, pamoja na uliyonunua mwenyewe. Kwa kila moja muulize daktari inafanya kazi gani na inaisha lini, kisha uandike jibu kwa kalamu juu ya boksi.