Damu mnayotupatia ndiyo makao ya vimelea, chupa ni ghala tu

Tangu tuanze kuwaomba wakazi damu ya kuoteshea vimelea vya malaria maabarani, swali ni lile lile: kama mna chupa za chakula cha vimelea, damu yetu ya nini? Wengine wanasema inauzwa. Haiuzwi, na hili tumelieleza kila mkutano.

Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria tunachootesha, huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu. Ukikimwaga kimelea hicho kwenye maji matupu ya kuoteshea, hata yawe na vitamini zote, hakiongezeki. Njia tunayotumia ilitangazwa mwaka 1976 na William Trager na James Jensen wa New York: chembe nyekundu hutuama chini ya chombo, juu yake RPMI 1640, yaani maji yenye virutubisho vya chembe, yaliyoongezwa seramu (maji ya damu yasiyo na chembe), katika nyuzi joto 37 na hewa yenye oksijeni kidogo.

Chakula husambaa chenyewe kutoka kwenye maji hadi kwenye chembe, polepole. Tabaka la damu likiwa nene, chembe za chini hukosa glukosi. Kisha kuna utando wa chembe, ambao chakula lazima kiupite. Kimelea kinapokua huufungulia njia mpya za kupitisha virutubisho. Protini huzipata kwa kumeng'enya himoglobini, protini nyekundu ya damu, lakini himoglobini ya mtu mzima haina kabisa isolusini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, hivyo hiyo lazima itoke kwenye maji. Purini, malighafi ya DNA, nazo hakijui kuzitengeneza, ndiyo maana tunaongeza haipozanthini, ambayo ni purini iliyo tayari.

Chembe yenye kimelea hutumia glukosi nyingi kuliko chembe isiyo na kimelea na kumwaga asidi ya laktiki. Asidi hiyo hufanya maji mekundu ya kuoteshea yaanze kugeuka manjano. Kwa hiyo hubadilishwa kila siku, hata siku ya Idd.

Na tafadhali, vimelea hivi havirukii mtaani kwa hewa. Anayehatarika ni fundi wa maabara akijichoma sindano.

Sasa utaratibu. Fomu ya ridhaa husainiwa kabla ya sindano, si baada yake. Namba ya bomba la sampuli ya damu ilingane na ya fomu. Isipolingana, bomba halifunguliwi, linateketezwa na tukio linaandikwa kwenye daftari. Sampuli haitoki nchini bila kibali na mkataba wa uhamishaji. Aliyebadili mawazo aje na namba yake. Sampuli iliyobaki itaharibiwa, na hatadaiwa sababu.